Je, Mkristo anaweza kutumia morfini? Dawa kali za maumivu, faida zake na maudhi yake

Na Frateri, Mwaka wa Tatu wa Falsafa

Utangulizi

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hakuna mtu anayeuliza kama ni dhambi kumeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa kinachouma. Lakini daktari akiandika morfini kwenye cheti, nyumba nzima hunyamaza. Mmoja anasema hiyo ni dawa ya kulevya. Mwingine anasema hiyo ndiyo dawa wanayopewa watu wa kufa. Wa tatu, mara nyingi ndiye mcha Mungu kuliko wote, anasema mgonjwa avumilie tu na kuyatolea mateso yake pamoja na Yesu Msalabani. Huku wanaendelea kujadiliana, mgonjwa anaumia.

Makala hii inataka kulijibu swali hilo kwa utaratibu tunaofundishwa darasani: kwanza kueleza maana ya maneno, kisha kutazama akili na imani zinasema nini, kisha kusikiliza pingamizi na kuzijibu, na mwisho kuangalia tufanye nini parokiani. Naandika kama mwanafunzi wa falsafa, si kama daktari. Kiasi cha dawa na muda wake ni kazi ya mganga aliyemwona mgonjwa. Lakini swali la kama ni halali, na la namna ya kuitumia vema, ni letu sote.

1. Tuelewane juu ya maneno

Maumivu ni ya aina mbili kubwa. Yapo maumivu ya muda mfupi, kama ya jino, ya kuvunjika mfupa au ya kidonda cha upasuaji. Haya ni kama kengele: yanatuambia kuna kitu kimeharibika, tukishughulikie. Na yapo maumivu sugu, yaani yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Hapa kengele imeshasikika, ujumbe umefika, lakini bado inalia usiku na mchana. Hivyo ndivyo anavyoishi mgonjwa wa saratani iliyosambaa kwenye mifupa, mwenye mgongo ulioharibika, mwenye yabisi ya viungo, mwenye mishipa ya fahamu iliyoguswa na kisukari au na virusi vya UKIMWI. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na aina zote mbili kwa pamoja.

Dawa za jamii ya afyuni, ambazo waganga huziita opioidi, ni zile zinazotokana na utomvu wa mmea wa afyuni au zilizotengenezwa maabara kwa kuiga kazi yake. Katika jamii hii wamo kodeini na tramadoli zenye nguvu ya wastani, na morfini, pethidini na fentanili zenye nguvu kubwa. Heroini nayo ni ndugu yao wa damu, na hapo ndipo hofu inapoanzia. Zote hufanya kazi kwa kushika vipokezi maalumu vilivyoko kwenye ubongo na uti wa mgongo, na hivyo kupunguza nguvu ya taarifa ya maumivu kabla haijamtawala mtu. Vipokezi hivyo viko pia kwenye utumbo na katika sehemu ya ubongo inayosimamia kupumua. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu faida na maudhi ya dawa hizi vinatoka katika chanzo kimoja.

2. Jinsi dawa hii ilivyofika kwetu

Morfini ilitengwa kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19 na mfamasia kijana Mjerumani, Friedrich Sertürner, aliyeipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto katika hadithi za Wagiriki. Kwa muda mrefu ilitolewa kwa sindano, na mara nyingi mgonjwa alisubiri mpaka alie ndipo apewe.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Kuanzia 1958 alifanya kazi katika hospisi ya Mtakatifu Yosefu jijini London, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki. Huko alithibitisha kwamba mgonjwa akipewa morfini ya kunywa kwa saa maalumu, bila kusubiri maumivu yarudi, anatulia na bado anabaki na akili yake. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's. Yeye ndiye aliyefundisha juu ya maumivu ya mtu mzima mzima: ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya vidato vitatu kwa maumivu ya saratani: kwanza dawa za kawaida kama parasetamoli, kisha zile za afyuni zenye nguvu ya wastani, kisha morfini. Na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa katika shirika la Medical Missionaries of Mary, alianzisha Hospice Africa Uganda. Huko poda ya morfini huchanganywa na maji na kuwa dawa ya kunywa ya bei nafuu, hata mgonjwa wa kijijini anaitumia akiwa nyumbani kwake. Tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu hata wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini. Kwetu Tanzania huduma hii inaitwa tiba shufaa, na wagonjwa wengi wa saratani wanakutana nayo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ni ya Kanisa.

Hata hivyo, dunia haijagawana vizuri. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa hizi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, kwa kipimo cha morfini, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Ukisikia kwamba dawa hizi ni tatizo la dunia, ujue ni matatizo mawili yaliyo kinyume: kuna mahali zimemwagwa bila kiasi, na kuna mahali mgonjwa anakufa akilia kwa sababu hazipo, au kwa sababu zipo na watu wanaziogopa.

3. Akili na imani vinasema nini

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (I-II, swali la 37), anauliza kama maumivu yanamwondolea mtu uwezo wa kujifunza. Anajibu kwamba nafsi ni moja, na nguvu zake zote zina mzizi mmoja. Jambo moja likiivuta kwa nguvu, hubaki nguvu kidogo kwa mambo mengine. Tena anasema maumivu ya mwili yanazuia kutafakari kuliko hata huzuni ya moyoni. Katika swali linalofuata anataja tiba za huzuni, na kati ya hizo anaweka usingizi na kuoga. Mwalimu huyu mkubwa wa Kanisa hakuona aibu kusema kwamba maji ya kuoga na usingizi mzuri vinaisaidia roho.

Fundisho hili linagusa moja kwa moja jambo letu. Tunapomwambia mgonjwa asali, atafakari, asamehe, aagane na wanawe, tunamwomba atumie akili na utashi. Lakini maumivu makali yameshavikamata vyote viwili. Kwa hiyo kupunguza maumivu ni kumrudishia mtu nafasi ya kutenda kama mtu.

Maandiko Matakatifu yako upande huo huo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga na kukumbuka kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu. Msamaria mwema (Lk 10) hakuanza na mahubiri, alianza na mafuta na divai juu ya vidonda. Mithali 31 inaagiza kinywaji kikali apewe anayeelekea kufa na mwenye uchungu moyoni.

Kanisa limelisema hili waziwazi. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliomuuliza kuhusu dawa za kutuliza maumivu: ni halali kuzitumia, hata kama zinapunguza fahamu, na hata kama ingetazamiwa kwamba zitafupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na ikiwa mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake mwingine wa kidini na wa kimaadili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inafundisha hivyo hivyo kwa masharti kwamba kifo kisitakwe, wala kama lengo wala kama njia. Mtakatifu Yohane Paulo II alirudia jambo hili katika Evangelium Vitae namba 65 mwaka 1995, na barua Samaritanus Bonus ya mwaka 2020 imelifafanua tena. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2291, inakataza kutumia dawa za kulevya isipokuwa kwa sababu za matibabu tu. Soma namba hizi mbili kwa pamoja: haziko kinyume, zinatofautisha matumizi.

4. Pingamizi nne na majibu yake

Pingamizi la kwanza: Kristo aliyakataa. Msalabani Bwana wetu alipewa divai iliyotiwa manemane, akakataa (Mk 15:23). Basi mfuasi wake naye akatae.

Jibu: Kristo aliyatoa maisha yake kwa hiari, na hiari ndiyo iliyoipa sadaka ile thamani. Mkristo anaweza, kwa hiari yake, kukubali sehemu ya maumivu kwa upendo, na Pius XII aliuheshimu uamuzi huo. Lakini hiari haiagizwi na mtu mwingine. Mtoto hana mamlaka ya kumtolea mama yake mateso, na katekista hana mamlaka ya kumtolea jirani yake. Katika Salvifici Doloris (1984) Yohane Paulo II alifundisha mambo mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa mateso yetu, na kumtendea mema anayeteseka. Sehemu ya kwanza ni ya mgonjwa. Ya pili ni yetu. Kuna wanaozibadilisha, wakajichukulia ile ya kwanza kwa mdomo na kumwachia mgonjwa zote mbili.

Pingamizi la pili: Morfini inaua. Tumeona watu wakipewa, na baada ya siku chache wakafa.

Jibu: Katika mantiki tunafundishwa kosa linaloitwa baada ya hili, basi kwa sababu ya hili. Jogoo huwika kabla ya kupambazuka, lakini si jogoo anayeleta asubuhi. Kwetu morfini mara nyingi imetolewa kwa kuchelewa, mgonjwa akiwa tayari mlangoni pa kifo, ndiyo maana watu wakaiunganisha na kifo. Ikianza kutolewa mapema, watu wangewaona wagonjwa wakiitumia kwa miezi au miaka.

Hapa napenda kuongeza jambo ambalo nadhani sisi waseminari tunalipita haraka. Tukifika kwenye morfini tunakimbilia kanuni ya matokeo mawili, yenye mizizi kwa Mtakatifu Thoma (II-II, swali la 64, kifungu cha 7): tendo lenyewe liwe jema au la kawaida, lengo liwe tokeo jema, tokeo baya lisiwe njia ya kupata lile jema, na pawepo sababu yenye uzito unaolingana. Kanuni hiyo ni ya kweli. Lakini tukiitaja kila mara tunawafanya watu waamini kwamba kila kijiko cha morfini kinafupisha maisha, nasi tunatoa udhuru tu. Sivyo. Dozi ikianza kidogo na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu, kwa kawaida haiharakishi kifo. Kanuni inabaki kwa hali chache ngumu, hasa pale inapobidi kumlaza mgonjwa usingizi mzito. Tena nia ya mtu inaonekana katika namna anavyopima dawa: anayetaka kutuliza hupandisha hatua kwa hatua na kusimama maumivu yanapotulia, anayetaka kuua hana haja ya kusimama.

Likizo moja, nikiwa parokiani, nilifuatana na padre kumpelekea Komunyo mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hakuweza kuimaliza Baba Yetu. Alifika katikati akauma kanga. Chupa ya morfini ilikuwa kabatini, haijafunguliwa, tangu wiki tatu nyuma. Kijana wake mkubwa alituambia: "Shikamoo Padre. Ile dawa tunaiogopa. Jirani yetu alipewa, hakumaliza wiki." Padre hakumgombeza. Alimwomba muuguzi wa tiba shufaa aje awaeleze wote, pamoja na mgonjwa. Mama akaanza dozi ndogo. Siku ya kwanza alilala sana, na familia ikaingiwa na hofu kwamba unabii wao umetimia. Siku ya tatu aliamka, akaomba uji, akaomba rozari yake, akamwomba padre arudi kwa ajili ya Kitubio. Aliishi miezi mitano zaidi, na katika miezi hiyo aliwagawia wanawe shamba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Pingamizi la tatu: Itamfanya mraibu.

Jibu: Lazima tutofautishe mambo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni mwili kuzoea dawa, hata dozi ile ile ikapungua nguvu. La pili ni utegemezi wa mwili: mtu aliyetumia kwa wiki kadhaa akiacha ghafla anatokwa na jasho, anatetemeka, anaharisha, anakosa usingizi, mtaani wanaita arosto. Hayo mawili ni ya mwili, na yanaweza kumpata mtu mtakatifu kabisa. Hata baadhi ya dawa za presha haziachwi ghafla. La tatu ndilo uraibu: mtu anaitafuta dawa hata inapomdhuru, anaiba, anadanganya, anaacha wajibu wake. Hapo kilichofungwa ni utashi. Mgonjwa anayeomba dawa kwa sababu anaumia hajawa mraibu, kama mwenye njaa anayeomba chakula hajawa mlafi. Hata hivyo hatari ya uraibu ipo kweli, hasa kwa maumivu sugu yasiyo ya saratani yanayotibiwa miaka mingi, na kwa mwenye historia ya ulevi. Mtu huyo hanyimwi huruma. Anahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Na aliyekwisha kuwa mraibu naye ni mgonjwa mwenye tiba: tangu 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inatoa metadoni kwa walioathiriwa na heroini.

Pingamizi la nne: Kutafuta nafuu ni kukosa imani.

Jibu: Neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Anayepokea Mpako wa Wagonjwa hatupi dawa zake. Mungu yule yule anayetenda katika sakramenti ndiye aliyeupa mmea nguvu yake.

5. Maudhi ya dawa: huruma isiwe nusu

Baada ya kusema ni halali, lazima tuseme ukweli wote. Dawa hizi zina maudhi, na familia isiyoambiwa huiacha dawa siku ya pili.

Kufunga choo ndiyo maudhi yanayompata karibu kila mtumiaji, na tofauti na mengine, hayaishi kwa kuzoea. Utumbo unapunguza mwendo kwa sababu nao una vile vipokezi. Ndiyo maana madaktari huandika dawa ya kulainisha choo siku ile ile wanayoandika morfini, na mgonjwa hunywa maji zaidi kadiri hali yake inavyoruhusu. Mpendwa msomaji, usilicheke jambo hili. Kuna wagonjwa wanaoacha morfini si kwa hofu ya dhambi bali kwa sababu ya siku saba bila choo, na wanaona haya kumwambia mtoto wao. Anayetoa morfini bila kuuliza habari za choo ametoa nusu ya huruma.

Kichefuchefu na kutapika huwapata baadhi ya watu mwanzoni, na mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Ipo dawa ya kukizuia. Usingizi na kichwa kizito navyo huja mwanzoni au dozi inapoongezwa. Wakati huo mgonjwa asiendeshe gari wala bodaboda. Tukumbuke pia kwamba mtu aliyekesha wiki kadhaa kwa maumivu ana deni la usingizi. Usingizi wa siku mbili za kwanza unaweza kuwa ni deni linalolipwa. Wengine hukauka mdomo, huwashwa ngozi, au hupata shida kukojoa. Wazee huweza kuchanganyikiwa. Wenye figo dhaifu wanahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu mabaki ya morfini hutolewa mwilini kwa njia ya figo.

Maudhi ya hatari ni kupungua kwa pumzi. Yanatokea hasa dozi ikizidi, ikichanganywa na pombe au na dawa za usingizi kama diazepamu, au ikinywewa na mtu asiyeandikiwa. Mgonjwa asiyeamshika, anayepumua polepole mno, mwenye mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya sindano, akimbizwe hospitali mara moja. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayogeuza nguvu ya afyuni.

Kwa matumizi ya miaka mingi yapo mengine: homoni kushuka, hamu ya tendo la ndoa kupungua, na kwa baadhi ya watu mwili kuanza kuhisi maumivu zaidi badala ya kidogo. Mwenye ndoa aambiwe hili mapema, asije akadhani mwenzake amebadilika moyo.

6. Pale ambapo dawa hizi si jibu

Hoja ya kutetea morfini kwa mgonjwa wa saratani haiwi hoja ya kuzitumia kwa kila mgongo unaouma. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Kwa miezi 12 kundi moja lilitumia dawa za jamii ya afyuni na jingine dawa za kawaida. Waliotumia za afyuni hawakuweza kufanya kazi zao vizuri kuliko wenzao, na walipata maudhi zaidi. Kwa wagonjwa wa namna hii mazoezi ya viungo, kupunguza uzito, dawa nyingine na utulivu wa moyo mara nyingi ni njia bora, na lengo liwe kurudi shambani na kanisani hata kama maumivu hayajaisha kabisa.

Marekani yenyewe ni fundisho. Kuanzia 1996 kidonge cha OxyContin kilinadiwa kwa nguvu kwa maumivu ya kila namna, na mwaka 2007 kampuni ya Purdue ilikiri mahakamani kosa la kukitangaza kwa njia ya kupotosha. Baadaye ikaja heroini, kisha fentanili ya magendo. Mwaka 2021 watu zaidi ya 80,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za jamii hii. Na sisi tusijione salama: tramadoli inayonunuliwa dukani bila cheti ili mtu apige kazi usiku kucha ni mlango wa nyumba ile ile.

Lakini somo hilo lisigeuke kuwa fimbo ya kuwapigia wagonjwa. Kijana mwenye selimundu anayefika hospitali mara ya nne mwaka huu akiomba dawa kali, huenda anatazamwa kama teja. Kumhukumu mtu haraka haraka bila msingi ni kosa dhidi ya amri ya nane. Aaminiwe kwanza, apimwe, ndipo daktari aamue.

7. Fadhila nne katika chumba cha mgonjwa

Busara inauliza maswali sahihi: dawa hii ni kwa ajili ya nini, nianze na kiasi gani, nifanye nini ikizidi, nimwone nani? Inaheshimu saa. Morfini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, si mpaka maumivu yarudi. Vidonge vya kutoa dawa polepole havisagwi wala havitafunwi. Dawa haiachwi ghafla, hupunguzwa kwa ushauri wa daktari.

Haki inamtaka kila mmoja apate kilicho chake. Dawa ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Asipewe jirani, wala kijana wa nyumbani asiijaribu. Ikae kabatini kwa kufuli, na ikibaki baada ya msiba irudishwe hospitali. Haki inadai pia kwamba aliye kijijini asinyimwe kile anachopata aliye mjini.

Nguvu ni ya mgonjwa, na ni ya anayemuuguza pia. Morfini haifanyi kazi ya kukaa kitandani na mtu. Hofu, madeni, ndugu aliyekosana naye, swali la kwa nini mimi, hayo hayanywewi kwa kijiko.

Kiasi kinakataa pande zote mbili: kutafuta raha ya ganzi ili kuyakimbia maisha, na kujinyima nafuu kwa kiburi kinachovaa nguo za ibada.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre tuna jambo moja la pekee. Pius XII alisisitiza kwamba mgonjwa asinyang'anywe fahamu bila sababu nzito kabla hajatengeneza mambo yake na Mungu na watu. Basi padre aitwe mapema. Tukisubiri mpaka mgonjwa asiweze kusema, tumemnyima Kitubio sisi wenyewe, kisha tutailaumu dawa.

Hitimisho

Tumeona kwamba dawa za maumivu za jamii ya afyuni ni kiumbe chema cha Mungu kinachohitaji mkono wenye akili. Mkristo anaweza kuzitumia kwa dhamiri safi, kwa agizo la daktari, kwa lengo la kutuliza maumivu na kwa kuyashughulikia maudhi yake. Jumamosi hii, mtakapokwenda jumuiya, yawezekana yupo mmoja wenu asiyekuja kwa sababu hawezi kukaa kwenye kiti. Mtembeleeni. Mkiuliza anaendeleaje, ulizeni pia kama dawa anayo, kama anainywa, na kama anapata choo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu watu wanasema nini kuhusu morfini, na maneno hayo yametoka wapi?
2. Tunamsaidiaje mgonjwa kuyatolea mateso yake bila kumnyima haki ya kupata nafuu?
3. Je, tunamjua mhudumu wa tiba shufaa aliye karibu nasi, na tunaweza kumwalika lini aje kutufundisha?

Mungu awabariki nyote, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wote wanaokesha kwa maumivu usiku huu.